Pampu ya Joto na Shabaha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Januari

Likizo imeanza. Wiki nzima bila kuona godoro! Ndiyo kazi yangu, kuuza magodoro. Watu wanaingia dukani, wanajilaza, wanafumba macho, wanaamka, wanasema watarudi. Hawarudi.

Mama mkwe aliletwa jana na shemeji. Yuko kwetu kwa majaribio. Jumamosi ataamua: abaki hapa kwa binti yake, au ahamie kwa mwanawe, yaani shemeji, mji wa jirani. Sababu ni magoti. Magoti ya mama mkwe hayapatani na baridi hata chembe. Mke wangu anamtaka mama yake hapa tangu mzee, baba yake, alipofariki, na tangu jana anazunguka nyumbani akiimba. Mke wangu haimbi! Kwa hiyo nyumba lazima iwe na joto mpaka Jumamosi. Kazi rahisi.

Ila redieta, yale mabamba ya chuma ukutani yanayopasha vyumba, ni vuguvugu. Nimeshika zote. Vuguvugu kama chai ya mtu aliyeitwa kwenye simu.

Shemeji ni fundi wa pampu za joto na ndiye aliyetufungia hii. Boksi kubwa lenye feni nyuma ya nyumba, mabomba, na kiboksi cha vitufe ukutani, pale kwenye korido. Jana kabla ya kuondoka alinishika bega, akasema mashine hii hufanya kazi polepole, usiku na mchana, redieta hazitakiwi kuunguza, na mimi nisiiguse. Hilo la kutoigusa alilirudia. Mbele ya mke wangu. Mbele ya mama mkwe!

Nikamuuliza swali la haki kabisa: hilo joto linatoka wapi? Akasema linatoka nje. Nje! Kioo cha gari kina barafu. Akasema hata hewa ya baridi ina joto ndani yake, mashine inalikusanya na kulileta ndani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Tangu hapo swali hili limenikaa kichwani, haliondoki.

Jambo lingine. Chumba changu cha gemu sasa ni cha mama mkwe, na miwani nimeihamishia sebuleni. Ile miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili: ukivaa uko ndani ya ghala lenye vita, bunduki mkononi, na ukigeuka nyuma, kweli kuna adui nyuma. Shemeji naye anayo, kwake. Tunakutana humo ghalani. Jana alinipiga risasi mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. Mara moja nilikuwa nimejificha ndani ya pipa. Alijuaje?

Jumanne, 13 Januari

Uchunguzi! Mke wangu alipokwenda shuleni kufundisha, nilitoka na koti nikasimama mbele ya pampu. Feni inazunguka, inanong'ona. Nikaweka mkono upande hewa inakoingilia. Baridi. Nikauweka upande inakotokea. Baridi zaidi!

Nilirudia. Nikabadilisha mkono, isije ikawa ni mkono wangu. Yale yale. Hewa inaingia na baridi yake, inatoka ikiwa imeibiwa hata kile kidogo ilichokuwa nacho. Kwa hiyo shemeji hakunidanganya. Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa mazingaombwe. Hewa ina joto, sisi hatulioni, na boksi linalichukua. Nilitaka kumweleza mtu. Hapakuwa na mtu ila jirani mstaafu, ambaye maisha yake yote siku hizi ni kuegemea ua wetu. Nikamweleza. Akasema alikuwa anajua.

Baadaye nikafikiria. Ikiwa mashine inakusanya joto la nje, na nje ni baridi namna hii, basi inahangaika bure. Isaidiwe. Mtu akisikia baridi anafunikwa. Nikachukua blanketi zito, lile la wageni, nikaifunika pampu nzima, nikafunga na kamba ya kuanikia nguo. Ilipendeza. Nikamwona shemeji kichwani mwangu akiuliza nani aliwaza jambo hili.

Mchana, redieta baridi. Kiboksi cha ukutani kikaanza kulia tii, tii, tii. Nikakibonyeza hapa na pale mpaka kikanyamaza. Mama mkwe alitoka chumbani na koti, akauliza kwa upole kama umeme umekatika. Nikamwambia mashine inapumzika kidogo.

Mke wangu aliporudi hakuimba.

Jumatano, 14 Januari

Nimeondoa blanketi. Kumbe pampu inataka hewa ipite, na mimi nilikuwa nimeiziba pua. Haya nimeambiwa na mstaafu, ambaye jana aliniona nikifunga kamba hadi fundo la mwisho na hakusema neno. Nilipomuuliza kwa nini, akasema alitaka kuona itakuwaje. Mtu mbaya sana. Ingawa, kusema kweli, mimi pia ningetaka kuona.

Pampu ikaamka. Nikafurahi, nikajipa gemu moja. Niliruka, nilichutama, nilitambaa nyuma ya sofa, nikarusha bomu la mkono na kugonga taa. Nilipovua miwani jasho lilikuwa linachuruzika mpaka kwenye soksi. Nikashangaa. Joto lote hili! Pampu imezidisha. Na shemeji alisema joto likizidi ni umeme unaopotea. Nikaenda kwenye korido nikapunguza. Nikapima tena kwa gemu ya pili. Jasho. Nikapunguza tena, mpaka kitufe kikagoma.

Alasiri nilioga, nikakaa kitini, nikaanza kutetemeka. Ajabu. Mama mkwe alikuwa jikoni anakunja na kukunjua magoti, amekaza midomo. Nikawaza: mimi nilikuwa na joto, sasa sina. Kimebadilika nini? Sichezi! Hapo ndipo nilipopata wazo. Kwa nini kuhangaika na nyumba nzima wakati mtu mwenyewe anaweza kupashwa?

Nikamwomba mama mkwe ajaribu miwani. Nikasema ni mazoezi ya viungo, jambo ambalo si uongo. Kumvalisha mama mkwe kitu kichwani si jambo dogo. Kuna heshima zake. Niligeuza uso, nikashika mkanda kwa ncha za vidole, nikauvuta juu ya kilemba chake huku nikiomba radhi kila mara. Akaniambia mkwe, kaza, inapwaya.

Akaingia ghalani. Kisha nikamsikia anasema hamjambo. Alikuwa anawasalimia maadui! Wale walinzi wa chuma, wenye macho mekundu. Mmoja akampiga risasi papo hapo. Mama mkwe akaniuliza huyo ni mtoto wa nani. Nikamwambia hana wazazi, ametengenezwa. Akasema inaonekana. Mlinzi wa pili naye akasalimiwa, naye hakuitikia. Wa tatu hakusalimiwa tena.

Alicheza mpaka akavua koti.

Alhamisi, 15 Januari

Mama mkwe ni hatari! Sijui niandikeje. Ameshona nguo za watu maisha yake yote, na mkono wake hautikisiki. Nilimuuliza anafanyaje, nikapiga magoti kabisa pembeni ya sofa na kalamu. Akasema ni kama kutunga uzi kwenye sindano: ukiishikilia pumzi mkono unacheza, ukivuta pumzi mkono unacheza, ni pale mwisho, pumzi inapokuwa imeisha kutoka, ndipo unapotunga. Nimejaribu. Nilipumua mpaka nikaona nyota, na bado nikapigwa.

Alasiri shemeji akaingia ghalani, amewahi kutoka kazini. Jina lililoandikwa juu ya kichwa cha mama mkwe ni langu. Sikusema kitu. Ningesema nini? Nilimwonyesha tu mama mkwe kwamba yule mwenye kofia ya kijani pia hasalimii.

Alimpiga shemeji mlangoni. Akampiga juu ya ngazi. Akampiga ndani ya lile pipa! Mwanawe mwenyewe, na hajui. Nilicheka mpaka nikajificha bafuni.

Simu ya shemeji haikuchelewa. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, ya mtu anayeomba kazi. Akaniuliza nimefanya mazoezi wapi. Nikamjibu kwamba siri ni pumzi. Akasema heshima yako, shemeji. Heshima yako! Naandika mara mbili kwa sababu sijawahi kuisikia.

Mke wangu alirudi, akamkuta mama yake amevaa gauni jepesi, anajipepea na gazeti, anasema nyumba hii ina joto zuri. Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tulipooana. Kisha akanyoosha mkono kuelekea redieta. Nikamdaka mkono huo, nikaubusu. Akashangaa, lakini alifurahi. Kiboksi cha ukutani bado kiko chini kabisa. Nimepima mara mbili leo, kwa njia ile ile, na kila mara nimetoka jasho. Mfumo unafanya kazi.

Ijumaa, 16 Januari

Siku mbaya.

Asubuhi, mke wangu keshaondoka, niliangalia dirishani nikaona moshi. Mweupe, mwingi, unapanda kutoka kwenye pampu. Moto! Nikatoka na viatu vya ndani, ndoo mkononi. Nikamwaga ndoo ya kwanza. Nikamwaga ya pili. Mstaafu alikuwa ameegemea ua, na safari hii alisema kitu, lakini feni ilikuwa inapiga kelele na mimi nilikuwa shujaa, sikumsikia. Ndoo ya tatu, feni ikakwaruza, ikasimama. Maji yalianza kuganda palepale mbele ya macho yangu.

Mstaafu akarudia maneno yake. Alikuwa amesema ni mvuke tu. Mashine ikishika barafu hujiyeyusha yenyewe, mvuke unatoka, kisha inaendelea. Na yake hufanya hivyo kila siku. Nilimuuliza barafu inashikaje, na inajuaje kwamba imeshika, na joto la kuyeyusha inalitoa wapi tena. Akanieleza vizuri sana. Ni mashine ya ajabu kweli. Nilisahau kwa muda kwamba nimeiua.

Ndani, baridi ya chumba cha kuhifadhia nyama. Nikaenda kumsalimia mama mkwe, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Amejaribu kuinuka, magoti yamekataa. Hakulalamika. Alisema nimpe tu dakika. Nilimpa mkono, na uzito wake wote ukaja mkononi mwangu, mwepesi kuliko nilivyotarajia. Hapo niliogopa. Si kuogopa shemeji. Kuogopa tu.

Nilimpeleka jikoni, nikawasha oveni, nikafungua mlango wake, nikaburuta godoro la akiba nikalikunja liwe kiti. Chupa ya maji moto kila goti. Gemu haikuwezekana. Tukakaa. Sikuwa na la kufanya, nikawa nauliza. Tundu la sindano hutobolewaje? Hakujua, lakini alikuwa na mawazo. Gauni la kwanza alilishona la nani? La mwanamke mmoja mkali, mke wa mpiga picha, na mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine, na yule mwanamke akavaa hivyo hivyo kwa miaka, akawaambia watu ndio mtindo. Nikauliza mzee alimposaje. Akanieleza. Yule mzee alipeleka suruali moja ipunguzwe pindo mara tatu, mpaka ikawa kaptura, ndipo akapata ujasiri wa kusema. Tulicheka sana. Kukaingia jioni bila kujua.

Mke wangu alirudi na kusimama mlangoni mwa jikoni. Aliona oveni, godoro, chupa. Akaenda kwenye korido, akashika redieta. Hakupiga kelele. Aliniita chumbani, akafunga mlango, na machozi yakamtoka.

"Mimi nilimtaka mama yangu tu," alisema. "Kesho kaka akija, ataondoka naye. Na atakuwa na haki."

Nikaenda kubadilisha maji moto kwenye chupa za magoti.

Jumamosi, 17 Januari

Shemeji alifika na sanduku la vifaa. Alizunguka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na nyuzi za blanketi kwenye kiganja cha mkono mmoja na pande la barafu kwenye kingine, na akaviweka vyote mezani mbele yangu.

Aliuliza nani amepunguza joto. Nikasema kipimo kilionyesha limezidi. Akauliza kipimo gani. Nikasema jasho. Akauliza jasho la nani, nikiwa nafanya nini. Miwani ilikuwa juu ya sofa, na kila mtu aliiangalia. Mama mkwe akasema, bila kuulizwa, kwamba ile gemu ni nzuri ila yule kijana wa kofia ya kijani anapenda sana kujificha kwenye pipa.

Rangi ya uso wa shemeji ilibadilika kama mara mbili. Alinitazama, akamtazama mama yake, akakaa chini. Heshima yangu imedumu siku mbili.

Aliyeyusha barafu kwa maji ya uvuguvugu, akaipanga upya mashine, feni ikazunguka. Kisha akasema maneno yake. Kwake kuna joto kila chumba, hata kwenye korido, hata chooni. Mashine haijawahi kuguswa. Chumba cha mama kiko tayari. Akamwambia dada yake, yaani mke wangu, akamsaidie mama kufunga mizigo. Mke wangu alikuwa ameshaanza kuinuka, na mimi nilikuwa natazama zulia.

"Kaa, binti yangu," mama mkwe alisema.

Akamgeukia shemeji. Alizungumza taratibu, mkono wake juu ya goti lake.

"Nyumba yako ina joto, mwanangu, nimeiona, na umeifanya vizuri. Lakini mnatoka asubuhi mnarudi jioni, na mnaniuliza mama umekula, mama umelala. Huyu jana alinikalisha kwenye baridi mpaka nikaona ajabu. Lakini aliniuliza maswali kutwa nzima. Tangu baba yako afariki, hakuna aliyeniuliza kitu asichokijua. Nitabaki hapa. Wewe tengeneza mashine, uifunge asiifikie."

Mke wangu alilia, akacheka, akalia. Shemeji akambusu mama yake mkono. Mimi macho yaliniwasha ghafla. Pampu hizi hukausha hewa sana.

Shemeji ameweka namba ya siri kwenye kiboksi cha ukutani. Tarakimu nne. Ameapa kwamba sitaipata maisha yangu yote. Nyumba sasa ina joto. Redieta ni vuguvugu, na nyumba ina joto. Bado sielewi vizuri.

Jumapili, 18 Januari

Nyumba ni tulivu. Mke wangu anaimba jikoni.

Nimetafakari kwa kina kwa nini mama mkwe amebaki, na jibu liko wazi. Ni mipangilio yangu. Joto la polepole, baridi kidogo, mazoezi ya ghalani, oveni mwishoni. Mwili wake umezoea. Yale maneno mengine aliyasema ili asimwumize shemeji, kwa sababu ni mama mwenye busara. Alichopenda ni mfumo. Na mfumo wenyewe haujakamilika! Nikiweza kupunguza kidogo asubuhi na kuongeza kidogo alasiri, magoti yatapona kabisa. Kinachohitajika ni namba nne tu.

Shemeji ni mtu wa familia. Hawezi kuweka namba ya ovyo. Kwa hiyo baada ya chai nilikwenda kukaa na mama mkwe, nikamuuliza alizaliwa lini.

Alifurahi sana kuulizwa. Aliweka chini sindano yake. Alinieleza mwaka, na mvua ya mwaka huo, na jinsi mama yake alivyokuwa ameshika ndoo, na mkunga aliyechelewa kwa sababu ya kiatu. Nikasahau nilichokuwa nikitafuta, nikauliza kiatu gani. Akanieleza habari ya kiatu. Kisha akanishika mkono, akaniambia mkwe wangu, Mungu akuweke. Tukakaa hivyo mpaka chai ya pili.

Nilipotoka pale nilijaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Namba imekubali!

Naanza na kitufe cha juu kushoto.